Ahmedabad: Mji wa kale wa India ambao urithi wake ungali unakaliwa na watu

MSAFIRI anayekwenda India kutazama mambo ya kale aghalabu huelekezwa Agra kwenye Taj Mahal, au Delhi kwenye Ngome Nyekundu. Huko hununua tikiti langoni, hupiga picha, kisha huondoka jua linapokuwa kali. Jioni walinzi hufunga milango na majengo hubaki peke yake.

Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, haufungwi jioni. Sehemu yake ya kale, iliyoko mashariki mwa mto Sabarmati, ni mji ambamo watu wangali wanalala, wanapika, wanaabudu, wanauza dhahabu na kuanika nguo kwenye roshani zilizochongwa na mafundi wa karne zilizopita.

Shirika la UNESCO liliuingiza mji huo wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo Julai 2017, ukawa mji wa kwanza nchini India kupewa hadhi hiyo. Tangu hapo wageni wameongezeka, lakini wakazi wamezidi kuhama. Nyumba ya mbao isipokaliwa huliwa na mchwa na mvua, na hilo ndilo jambo linalowakabili wote wanaoupenda mji huu.

Ahmedabad ulianzishwa mwaka wa 1411 na Sultan Ahmad Shah wa Kwanza, aliyehamishia hapo makao ya utawala wake kutoka Patan. Alijenga ngome ya Bhadra karibu na mto, na mbele yake lango la matao matatu linaloitwa Teen Darwaza, ambalo hadi leo watu na pikipiki hupita chini yake. Mbele kidogo upo Msikiti wa Ijumaa, uliokamilika mwaka wa 1424.

Msikiti huo una nguzo zaidi ya 200, na mgeni makini hugundua upesi kwamba nakshi zake zafanana na zile za mahekalu. Si ajabu, kwa kuwa waashi wa Gujarat walikuwa wamerithi ufundi wa kujenga mahekalu ya Kihindu na Kijaini kabla ya kuajiriwa na masultani. Mchanganyiko huo wa mikono na imani ndio uliozaa mtindo ambao mji unajivunia.

Si kila mgeni wa zamani aliyependezwa. Jahangir, mfalme wa Wamogholi aliyeuzuru mji huo mapema katika karne ya 17, aliudhiwa na hewa yake hata akauita Gardabad, yaani Mji wa Vumbi. Vumbi lingaliko.

<b>Maisha ya vichochoroni</b>

Moyo wa mji wa kale ni mitaa inayoitwa pol. Pol ni kichochoro kimoja au vichochoro kadhaa vyenye nyumba zilizoshikana, na mlangoni pana lango ambalo zamani lilifungwa usiku. Kwa kawaida waliokaa pamoja walikuwa watu wa ukoo, kazi au dhehebu moja. Kila pol ilikuwa na hekalu lake, kisima chake na mlinzi wake, na baadhi zilikuwa na njia za siri za kutorokea kwenye mtaa wa pili wakati wa ghasia.

Katikati ya nyumba huwa pana ua mdogo unaoingiza mwanga na kutoa joto. Chini ya ua huo, katika nyumba nyingi, limo birika la kuhifadhia maji ya mvua. Maji hushuka kutoka paani kwa mabomba na kukaa gizani mwaka mzima, nayo yalitumika kupikia na kunywa kabla ya kuja kwa mifereji.

Mbele ya nyumba huwa pana kiinuko cha kukalia kinachoitwa otlo. Hapo ndipo wanawake huchambulia mboga, wazee husomea magazeti na watoto huandikia kazi za shule. Msafiri aliyepata kukaa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi, kwani hiyo ni baraza, na hutumika vivyo hivyo.

Penye njia panda husimama chabutro, nguzo ndefu yenye kibanda cha mbao juu, iliyojengwa kwa ajili ya kulishia ndege. Wajaini, ambao dini yao inakataza kudhuru kiumbe chochote chenye uhai, walichangia sana desturi hiyo. Nafaka bado huwekwa humo, na njiwa huzishukia kwa makelele.

Njia nzuri ya kuingia katika mitaa hiyo ni kwa miguu na alfajiri. Baraza la mji lilianzisha matembezi ya urithi mnamo Novemba 1997, na huanzia kwenye hekalu la Swaminarayan lililoko Kalupur na kuishia kwenye Msikiti wa Ijumaa. Mwendo wenyewe si mrefu, lakini huchukua takriban saa mbili kwa sababu ya kusimama mara kwa mara.

Wakati huo maduka yangali yamefungwa na pikipiki ni chache. Mgeni husikia kengele za mahekalu, huona muuza maziwa akipita na vyombo vyake, na hunusa mafuta ya moto kutoka kwa wapishi wa vitafunio. Ifikapo saa nne, njia hizo hizo hujaa mizigo na honi hata pa kuweka mguu ni shida.

Tatizo linalowapata wageni wengi ni kusahau kwamba wamo uani kwa watu. Mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia, na mwanamke anayefua si sehemu ya maonyesho. Anayesalimu kwanza na kuomba kabla ya kuinua kamera hualikwa chai mara nyingi kuliko anavyotarajia. Viatu huvuliwa kwenye hekalu na msikiti, na katika mahekalu ya Kijaini hata mshipi wa ngozi huachwa nje.

<b>Chakula, chai na maneno</b>

Gujarat imepiga marufuku uuzaji wa pombe tangu jimbo hilo liundwe mwaka wa 1960, ingawa mgeni wa kigeni aweza kuomba kibali. Wenyeji wengi hawali nyama. Mkahawa wa kawaida huleta sinia lenye vibakuli vingi: dengu, mboga mbili au tatu, mtindi, wali, achari na mkate mwembamba uitwao rotli. Mhudumu huzunguka akiongeza mpaka mgeni azuie kwa kiganja.

Jambo linalowashangaza wengi ni utamu. Wagujarati hutia sukari guru katika dengu na hata katika baadhi ya mboga, na Mkenya aliyezoea mchuzi wa chumvi huenda akahitaji siku mbili tatu kuuzoea. Jingine ni kwamba chapati ya Kenya, ile ya kukunjwa na kukaangwa kwa mafuta, haifanani sana na rotli kama inavyofanana na mkate mwingine wa huko uitwao paratha. (Mpenda nyama naye asikate tamaa; kichochoro cha Bhatiyar Gali, karibu na Teen Darwaza, kina wapishi Waislamu wanaojulikana mji mzima kwa nyama yao.)

Chai hunywewa kutwa, katika bilauri ndogo, ikiwa imechemshwa pamoja na maziwa, sukari na tangawizi. Mkahawa mmoja mashuhuri ulio karibu na eneo la Lal Darwaja umejengwa juu ya makaburi ya kale, nayo makaburi hayakuondolewa. Yamezungushiwa vyuma vifupi, na wateja huketi katikati yake wakila mkate wa siagi bila wasiwasi wowote.

Msemaji wa Kiswahili hupata burudani nyingine masikioni. Gari huitwa gaadi, laki ni lakh, bangili ni bangdi, na mfanyabiashara ni vepari, neno lililotupatia bepari. Hata kachumbari ina ndugu yake mezani huko. Maneno hayo hayakuja kwa vitabu. Yalikuja kwa majahazi, pamoja na vitambaa na shanga, na mengine yaliletwa na mafundi na wenye maduka waliohamia pwani na bara.

Mawasiliano hayo ni ya kale kuliko Ahmedabad wenyewe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alipita takriban miaka 10 baadaye katika bandari ya Khambhat iliyoko kusini mwa Ahmedabad, akaisifu kwa uzuri wa majumba na misikiti yake. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka wa 1498, alikuta wafanyabiashara kutoka India wakiwa tayari wapo.

Kwa sadfa, Kenya iliitambua jamii ya Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi mwezi ule ule wa Julai 2017 ambao Ahmedabad uliingizwa katika orodha ya UNESCO. Wengi wa Wakenya hao wana asili yao Gujarat.

<b>Msikiti wa Mwafrika</b>

Karibu na ngome ya Bhadra, mahali ambapo magari huzunguka bila kukoma, pana msikiti mdogo ambao usipoelekezwa waweza kuupita. Ulijengwa na Sidi Saiyyed, mtu wa asili ya Uhabeshi aliyekuwa na cheo katika utawala wa Gujarat, na ulimalizika mwaka wa 1573, wakati majeshi ya mfalme Akbar yalipokuwa yakiiteka nchi hiyo.

Madirisha yake ni ya jiwe lililotobolewa. Moja lina umbo la mti ambao matawi yake yanajizongazonga hadi kujaza tao lote, na ukitazama kutoka ndani jua la jioni linapopita hapo, jiwe huonekana jembamba mithili ya kitambaa cha lasi. Mti huo umekuwa nembo ya mji. Umewekwa kwenye zawadi za watalii na umeigwa katika nembo ya chuo mashuhuri cha usimamizi wa biashara kilichoko hapo.

Wapo wasafiri kutoka Afrika wanaoshangaa kusikia kwamba alama ya mji wa India ilitokana na Mwafrika. Historia haioni ajabu. Waafrika walivukishwa bahari kwa karne nyingi, wengi wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia, na baadhi yao walipanda ngazi hadi kuwa majemadari na mawaziri.

Wazao wao huitwa Wasidi. Wanaishi katika vijiji kama Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba, na Ratanpur, penye ziara ya walii Bava Gor. Ngoma yao huitwa goma, na miongoni mwa ala zao mna upinde wa muziki uitwao malunga. Hata hivyo, mgeni anayewaendea akitarajia kuzungumza nao Kiswahili hupatwa na fadhaa, kwani lugha yao ni Kigujarati. Wao ni Wahindi, na wengi huchoshwa na wageni wanaotaka wacheze kila wanapopiga hodi.

<b>Ng'ambo ya mto na nje ya mji</b>

Ng'ambo ya mto ipo Ashram ya Sabarmati, ambapo Mahatma Gandhi aliishi kuanzia mwaka wa 1917. Ni kutoka hapo alipoanza safari ya chumvi Machi 12, 1930, akatembea na wafuasi wake zaidi ya kilomita 380 hadi Dandi ili kuvunja sheria ya Waingereza iliyowakataza Wahindi kutengeneza chumvi yao wenyewe. Chumba chake kina mkeka, meza fupi na gurudumu la kusokotea nyuzi, na wageni hushuka sauti bila kuambiwa.

Mnamo Machi 2024 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuipanua Ashram hiyo. Baadhi ya familia zilizoishi katika eneo hilo kwa vizazi zilipewa fidia na kuhama ili kuupisha. Wanaounga mkono husema eneo litafanana na lilivyokuwa enzi za Gandhi. Wanaopinga husema Gandhi hakuishi katika bustani ya makumbusho, bali katikati ya watu.

Nje kidogo ya mji, upande wa kaskazini, kipo kisima cha ngazi cha Adalaj kilichokamilika mwaka wa 1499. Msafiri huteremka orofa tano ardhini, na kila hatua joto hupungua. Hadithi husimulia kwamba malkia aliyekimalizia alijitosa humo ili asiolewe na sultani, lakini wanawake wa kijiji waliochota maji hapo kwa karne nyingi walikuja zaidi kwa ajili ya kivuli na mazungumzo.

Anayeweza kuchagua wakati wa safari huja Januari 14, siku ya Uttarayan, ambapo mji mzima hupanda juu ya mapaa kurusha tiara. Wenye nyumba katika mitaa ya pol hukodisha mapaa yao kwa wageni siku hiyo, na kwa wengine kodi hiyo ni pato la maana. Ubaya wake ni nyuzi zilizopakwa unga wa vioo, ambazo hukata mbawa za ndege na shingo za waendesha pikipiki. Nyuzi za nailoni zilipigwa marufuku mwaka wa 2017 lakini hazijatoweka.

<b>Wanaobaki na wanaohama</b>

Kuhama kulianza zamani. Kiwanda cha kwanza cha nguo kilifunguliwa mwaka wa 1861, na Ahmedabad ukaja kuitwa Manchester ya India. Waliotajirika walivuka mto na kujenga majumba yenye bustani. Viwanda vilipofungwa katika miaka ya 1980 na 1990, maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi na mitaa ya mashariki ikafukarika.

Tetemeko la Januari 26, 2001, lililoua takriban watu 20,000 katika jimbo hilo, liliangusha majengo Ahmedabad pia. Mwaka uliofuata, baada ya abiria 59 kufa katika moto wa treni huko Godhra, ghasia za kidini zilizuka na watu zaidi ya 1,000 wakauawa, wengi wao Waislamu. Tangu hapo Wahindu na Waislamu wa Ahmedabad wamezidi kuishi mbalimbali. Mgeni anayefurahia matembezi kutoka hekaluni hadi msikitini afaa kujua kwamba si wenyeji wote wanaoukata mtaa huo kwa wepesi kama yeye.

Kwa wanaobaki, sababu za kuondoka ni za kila siku. Gari haliingii kichochoroni. Ngazi ni za wima na magoti ya wazee hayaziwezi. Fundi wa mbao wa kale ni ghali, na nyumba moja huwa na warithi kumi waliotawanyika, ambao kila mmoja lazima atie saini kabla ya paa kutengenezwa.

Basi nyumba hugeuzwa bohari la bidhaa, au hubomolewa, na nguzo zake zilizonakshiwa huuzwa kwa wapambaji wa hoteli na wakusanyaji wa vitu vya kale. Mamlaka ya mji imebuni njia mojawapo ya kuzuia hilo: mwenye nyumba iliyoorodheshwa anaweza kuuza haki yake ya kujenga orofa zaidi kwa wajenzi wa kwingineko mjini, na fedha hizo akazitumia kuikarabati. Wengine wamefungua vyumba vya kulaza wageni. Vyumba hivyo vimeokoa nyumba kadhaa, ingawa pol iliyojaa wageni wa usiku mmoja haina wa kuuliza mbona mama wa jirani hajafungua dirisha leo.

Kwa Mkenya anayepanga safari, ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi huenda Mumbai, na kutoka hapo treni ya kasi hufika Ahmedabad kwa saa sita hivi. Viza huombwa mapema, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano huhitajika. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Mwezi wa Mei joto hupita nyuzi 40, na baada ya joto la mwaka wa 2010 kuua watu wengi, mji ulianzisha mwaka wa 2013 mpango wa kuwaonya wakazi siku za hatari.

Siku ya mwisho hufaa kumalizikia Manek Chowk, uwanja ulio nyuma ya Msikiti wa Ijumaa. Asubuhi huuzwa mboga hapo. Mchana ni soko la masonara. Maduka ya dhahabu yanapofungwa, meza na majiko hutokezwa, na hadi usiku wa manane familia nzima nzima huja kula chini ya taa.

Katika saa za mapema, kabla ya masonara kufungua, watu wenye mafagio hupita mbele ya milango yao. Huitwa dhuldhoya, yaani waosha vumbi. Hufagia vumbi la barabarani kwa uangalifu, hulitia katika makarai na kwenda kuliosha, wakitafuta chembe za dhahabu zilizodondoka jana yake.